Fomu Mbili za Khasandi

Jumapili, Malinya. Mvua imeanza saa nane na haina haraka ya kwenda kwao. Nimekaa jikoni, nimenuna.

Kesho tunamrudisha Khasandi kliniki mjini Kakamega. Ana miaka saba, na shule imesema bila ripoti ya daktari hawampokei tena. Daktari alitupa fomu mbili, yangu na ya baba yake, akatuonya kila mtu ajaze peke yake. Mtoto hujibizana na wakubwa? Hukataa kutii? Huwaudhi wenzake makusudi? Unachagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara.

Yangu imejaa "kila mara". Niliijaza nikilia, lakini ni kweli tupu. Juzi shuleni alimuuma mwenzake Brenda sikio mpaka damu.

Ya mume wangu nimeichungulia. Ndiyo, nimechungulia. Kamwe, kamwe, kamwe, mpaka chini.

Na wala hadanganyi. Khasandi amepewa jina la marehemu mama mkwe wangu, na boma hili halichezi na jina. Baba yake humwita mama. Shangazi zake humsalimia kwa adabu zote. Akirusha sahani wanacheka: ni yeye kabisa, yule aliyemfukuza karani wa chifu kwa mpini wa jembe. Sasa mtu kama huyo atajibizana na wakubwa gani? Mkubwa ni yeye.

Nilipomsihi mume wangu aijaze upya, alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

"Mama Khasandi, mimi siwezi kumshtaki mama yangu kwa daktari."

Sina pa kutokea. Nikipunguza alama zangu, daktari ataona mtoto hana neno, na shule itamfukuza kama mtundu tu. Nikiziacha, nitaitwa mke aliyeshindwa kulea, anayegombana na mama mkwe hata akiwa kaburini.

Nampenda huyu mtoto. Nimechoka naye pia.

Sasa hivi ameingia, miguu tope tupu, akaniegemea. Nikamwambia kesho tunaenda kwa daktari kwa sababu ya yale ya shuleni. Akaniuliza.

"Mama, ni mimi nilimuuma Brenda, ama ni kukhu?"

Kukhu ni nyanya yake, huyo huyo marehemu ambaye hakuwahi kumwona. Hakuwa anatania. Alikuwa anaogopa.

Nikamwambia ni yeye, yeye peke yake, na bado ni mtoto wangu. Akaanza kulia. Sijui kama nimemtua mzigo au nimemtwika.

Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika swali hilo. Kesho nitazipeleka zote mbili kama zilivyo, halafu swali nitalisema kwa mdomo wangu, baba yake akiwa ameketi papo hapo.

Tuone atamjibu nini binti yake.