Vidonda vya Boneti

Jumamosi, 6 Agosti 1994

Gari limerudi kutoka Dar na ndui. Nilidhani ni tope. Nikapitisha kidole juu ya boneti — mashimo! Madogo madogo kama punje za ulezi, rangi imebanduka mpaka bati linaonekana. Nimeyahesabu: thelathini na moja. Kokoto za njiani. Mume wangu Ridhiwani anasema malori ndiyo yamemrushia. Hakusema kwamba yeye ndiye hufuata malori mkia kwa mkia akipiga honi, ili watu wa Kimanzichana wajue kuna bwana anapita.

Toyota Corolla, rangi ya damu ya mzee. Limetumika Japani, likatumika Dubai, sasa linatumika Kibiti. Mlangoni bado lina karatasi ya maandishi ya Kijapani. Hataki ibanduliwe! Miaka mitatu iliyopita mume wangu alikuwa karani wa ushirika mwenye baiskeli. Ushirika ukafa, soko likawa huria, na yeye naye akawa huria. Sasa ananunua korosho. Watu wakimuuliza gari kalipataje, husema, "Nimejikusuru." Ufuta wangu wa Mkongo, shamba nililorithi kwa mama, mavuno ya misimu miwili yamo humo. Hilo halisemi. Basi naliandika hapa.

Chakula kimemshinda. Wali wa nazi na kamba wa kutoka Delta — umemshinda! Ndoa yetu ina miaka kumi na moja, sijawahi kumuona akikosa hamu ya kula kwa ajili yangu.

Jumapili, 7 Agosti

Chupa yangu ya rangi ya kucha imetoweka kabatini. Nimemkuta amechuchumaa mbele ya gari, ulimi nje, anapaka. Rangi ya kucha ni waridi. Gari ni damu ya mzee. Matone sita yametuna juu ya boneti kama chunusi.

Nikamuuliza, "Baba Hadija, gari limevunja ungo?"

Hakucheka. Anasema Maulidi ya Ikwiriri yamekaribia, na watu watalitazama gari kabla ya kumtazama yeye. Hapo nimekubaliana naye.

Jumatatu, 8 Agosti

Nanenane, hakuna shule. Nimezitoa zile chunusi kwa kitambaa na petroli kidogo, kabla hajaja na kisu. Kisu chenyewe kile cha kuparia samaki! Alikuwa keshakinoa.

Fundi Swalehe wa gereji ya barabarani alipita kusalimia. Akafunua boneti, akanionyesha kibati chenye namba. Kumbe rangi ya gari ina namba yake, na dukani huitafuta kwa namba. Ridhiwani alikuwa keshamwagiza binamu yake Ashrafu aliyeko Dar amletee "damu ya mzee". Ameandika barua upya, kampa kondakta wa basi.

Kwa nini asimpe Swalehe kazi yote? Eti gari likilala gereji watu watasema limekufa. Afadhali afe yeye.

Jumatano, 10 Agosti

Rangi imefika. Kichupa, kikopo cha praima ya kutangulia chini ya rangi, msasa laini wa kulowekwa maji. Nimerudi shule nimemkuta ameshika brashi. Tone la kwanza liliangukia taa. La pili, kiatu. Akanikabidhi.

"Wewe ndiye mwandishi wa mabango ya shule."

Kweli. Ramani ya Tanzania ukutani mwa darasa la tatu ni mkono wangu, mkoa kwa mkoa. Basi nikafanya kama alivyoelekeza Swalehe. Osha, kausha. Kwangua kutu kwa ncha ya sindano. Sugua kidogo kwa msasa, pangusa kwa spiriti. Praima tone moja tu, kwa kijiti cha kiberiti kilichochongwa. Ukitia zaidi, unajenga kichuguu. Mashimo yote thelathini na moja yamepata praima kabla ya magharibi. Boneti ina madoa ya kijivu kama manyoya ya kanga.

Kibaya ni kwamba nimefurahi. Ridhiwani alinisimamia na mwavuli jua lisinipige. Alinisimulia kisa cha mnunuzi mmoja wa korosho aliyepimiwa gunia la mchanga, tukacheka mpaka majirani wakachungulia. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu huyu anajua kuchekesha kwa makusudi.

Alhamisi, 11 Agosti

Naandika na mkono una rangi.

Leo ilikuwa zamu ya rangi yenyewe. Unapaka nyembamba, unaacha ikauke, unarudia. Nilianzia kulia. Nimemaliza mashimo kumi na manne, na wallahi huwezi kuyaona! Ridhiwani alikuwa Utete kwa mambo ya leseni yake. Nikawa peke yangu, nimepiga magoti, najisifu kimoyomoyo.

Akaja wifi yangu Mwanamina, dada yake Ridhiwani. Huyu haji bila neno. Akanitazama kwa muda, mkono kiunoni.

"Wifi, nimekuvulia kofia," akasema. "Moyo wako una subira. Mimi nisingemtengenezea mume wangu gari la kwendea kuposa."

Nikamwambia gari linatengenezwa kwa ajili ya Maulidi.

"Maulidi?" Akashika mdomo. Lakini macho yake hayakushtuka hata kidogo. Akaendelea kwa sauti ya huruma, ile huruma yenye sukari nyingi. Alidhani najua. Mji mzima unajua. Jumapili hii wanakwenda Ikwiriri. Binti anaitwa Muzdalifa, mtoto wa Mzee Dadi mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kanzu ya Ridhiwani iko kwake yeye Mwanamina, ameshaipiga pasi.

"Usinitaje," akasema.

Nikamjibu, "Nani atakutaja, wifi? Wewe umekuja kusalimia tu."

Alipoondoka nilimaliza shimo nililokuwa nalo, la kumi na tano. Brashi ilikuwa mkononi, rangi ingekauka. Baadaye nikaosha brashi kwa thina, nikafunga kichupa, nikaingia ndani, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Hadija akaja kuniuliza leo tunakula nini.

Ijumaa, 12 Agosti

Nilingoja arudi kutoka msikitini. Sikutaka kumharibia swala.

"Muzdalifa ana umri gani?"

Akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.

"Nilikuwa nitakwambia."

"Lini?"

"Gari likikauka."

Alisema hivyo! Neno kwa neno, naandika kabla sijajishuku. Halafu akaanza hotuba. Dini inaruhusu. Mfanyabiashara anahitaji jamaa Ikwiriri. Mimi nitabaki kuwa mkubwa, mwenye heshima. Nikamuuliza dini inasema nini juu ya kumpigisha mkubwa magoti kwenye vumbi amsuguie mdogo njia. Akasema mimi nina maneno ya kitabuni. Nikasema na wewe una mashimo kumi na sita yaliyobaki, brashi iko dirishani.

Ametoka. Mlango hakuubamiza. Huyu akikosea huwa mpole sana.

Jumamosi, 13 Agosti

Kutwa nasikia kwaru, kwaru. Nimejizuia kutoka. Saa kumi pakawa kimya, nikatoka.

Ametumia msasa wa mbao! Ule wa kusugulia meza. Aliona rangi yake imetuna, akataka kuisawazisha, akasugua, akasugua. Upande wa kushoto pana duara la bati tupu, kubwa kuliko sahani ya pilau. Amekaa chini, ameegemea gurudumu, msasa mkononi, uso una vumbi jekundu.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe, mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaenda jikoni kukanda unga wa chapati, na machozi yakaanguka kwenye unga, nikaendelea kukanda.

Nampenda, mpumbavu huyu. Hili sikutaka kuliandika.

Jumapili, 14 Agosti

Naandikia ndani ya gari, kiti cha mbele, daftari gotini.

Nilichukua brashi alfajiri baada ya swala. Hakuniomba. Kibiti nzima inajua boneti ile ni kazi ya Mwalimu Maimuna, na sitaki kazi mbovu itembee barabarani kwa jina langu. Nikayamaliza yale kumi na sita. Nikalitia lile duara praima, likakauka, nikalipaka kichupa chote kilichobaki. Halikutoka sawa, ila kwa mbali linadanganya. Swalehe alisema likae siku nzima bila kuguswa.

Ridhiwani alipoona akadhani nimeridhia. Aliniita malkia! Akaniletea chai kwa mikono yake, sukari vijiko vinne. Nikanywa. Nikaoga, nikavaa gauni la Idi na baibui jipya, nikaja kukaa hapa.

Washenga walifika saa nne. Mzee Bashiru, na ami yake Ridhiwani, Mzee Abdala. Mzee Abdala alipoinama na kuniona, akarudi nyuma kama aliyekuta nyoka kitini.

"Mwalimu," akasema Mzee Bashiru, "tunakwenda kuposa."

"Najua, mzee wangu. Nakwenda kumuona mwenzangu. Na yeye anione mimi, ajue anaingia wapi."

"Haijapata kutokea."

"Hata soko huria halikuwepo."

Mzee Bashiru alifikiri. Kisha, sikuamini, akafungua mlango wa nyuma akaketi, fimbo katikati ya magoti. Akasema safari ndefu, mwenye mji, yaani mimi, akiwepo angalau watapewa maji ya kunywa. Mzee Abdala amekataa. Mwanamke haendi posani kwa mke mwenziwe! Amesimama kule uani, anamfokea Ridhiwani. Mwanamina yuko kibarazani, kanga mdomoni, anameza kila neno.

Nimemwambia Ridhiwani mara moja tu, kwa adabu: atanishusha kwa mkono wake, mbele ya watu, au tutakwenda wote. Alifungua mlango wangu. Akaufunga. Ana jasho. Sasa amehamia mbele ya gari, amenipa mgongo, anamjibu ami yake. Neno gani, sisikii vizuri. Nimesikia "ufuta". Nimesikia jina langu.

"Ridhiwani," Mzee Bashiru anaita kutoka nyuma yangu, "twende au nishuke?"

Ameshika kichwa. Anarudi nyuma hatua moja, anarudi nyingine, ni mtu anayetafuta pa kuegemea. Kanzu nyeupe, pasi ya dada yake. Boneti iko nyuma yake, upande wa kushoto, rangi mbichi inang'aa. Kioo kiko wazi. Nikimwita sasa atasikia —