Shemeji Aje Ajifunze Kukunja Shati

Chumba cha Pasi,
Nyuma ya duka letu la dobi.
Jumapili, duka limefungwa.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kama nguo chafu za Jumatatu. Hujambo? Shemeji hajambo? Mapacha wameacha kung'atana? Huku tu wazima, ila mgongo wa Baba bado unamsumbua, nami nazidi kupendeza. Usibishe, hujaniona.

Sasa kaa chini kwanza. Duka limeingia matatani.

Unakumbuka Baba alivyomkabidhi Shemeji ufunguo wa duka la pili mbele ya ukoo mzima, tukapiga makofi? Basi juzijuzi kampuni tunayotumia jina lake ilimtuma mkaguzi. Akakuta mlangoni pa duka hilo la pili kibao nilichokichora mwenyewe, kizuri ajabu: KWA MKWE. Akauliza mkwe ndiye nani.

Baba akavimba. "Mume wa binti yangu. Nimempa."

"Kwa ruhusa ya nani, mzee?"

"Ruhusa? Duka langu, mkwe wangu!"

Mkaguzi akaenda zake. Wiki hiyohiyo likaja onyo: haki ya kufungua maduka upande huu wa mji alipewa Baba, na haruhusiwi kumwachia mtu mwingine bila kibali chao cha maandishi. Tusiporekebisha kabla ya mwezi kuisha, wanavunja mkataba wote. Hata hili duka la kwanza, linalotulisha, litavuliwa jina.

Tukaenda kwa wakili. Maneno yake marefu kama kamba ya kuanikia, lakini mimi na akili zangu nikayafupisha: ni kama kuposa. Ukikubaliwa wewe, huwezi kumtuma mdogo wako siku ya harusi. Wakili alicheka, Baba akanikata jicho.

Wakili anasema kampuni haiwezi kumkataa Shemeji bila sababu ya maana, mradi aombe rasmi na afuzu mafunzo katika duka linalofanya kazi.

Kibao Baba amekiteremsha mwenyewe, na mgongo uleule. Hakutaka nimshikie hata ngazi. Nimemtania tangu jana, hacheki.

Sasa sikia utamu. Duka linalofanya kazi ni hili. Na fundi wa kukunja shati kwa mtindo wa kampuni, kola kwanza, mikono nyuma, vifungo vitazame juu, ni nani? Ni mimi niliyeishia kidato cha pili, ambaye Shemeji huniita Sifuri!

Najua atasema hafundishwi na mtoto. Mwambie mkaguzi anarudi mwisho wa mwezi, na atamtaka akunje mbele ya macho yake. Akikaidi, kosa litabaki palepale: yeye atakosa la pili, lakini Baba atakosa la kwanza. Msukume, Dada. Anakusikia wewe tu.

Nisalimie mama mkwe wako, na mapacha wabusu kwa mbali wasije wakakung'ata. Mola awafungulie njia, na gari lisiwaharibikie.

Shemeji aje na shati lake la harusi, tutaanzia hilo. Na hata akiliunguza, nitamwita Shemeji tu.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Sifuri