Kifaranga Ulichotemea Mate Peke Yako

Mayu, mama yangu, shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Nimefika Nkome kwa lori la samaki. Imebidi mjomba, ndugu yako, anionyeshe kaburi lako, maana magugu yamelifunika na watu wameanza kuanika dagaa karibu yake. Nilikasirika. Halafu nikakumbuka kwamba hawa wa ziwani ndio waliokupa mahali pa kulala, na sisi wa Kahama, wenye ng'ombe na majaruba ya mpunga, ndio tuliokutoa. Basi hasira nimeirudisha nyumbani kwetu.

Vita ya Hitla ilikuwa imekwisha karibuni tulipomzika ndugu yangu Sayi. Limi alikuwa ametangulia. Wote wawili ugonjwa ule ule: mikono na miguu kuvimba wangali wachanga, macho kuwa manjano, na mvua ya baridi ikinyesha mifupa inawauma mpaka wanashindwa kulia. Ulikuwa unawakanda magoti kwa kitambaa cha chumvi ya moto huku ukisema, "Nyamaza, mfupa utalala." Mimi nilikuwa mzima, nikicheza uani, na watu wakasema hata hilo lina namna yake.

Kisha akaitwa mfumu, mganga wa ramli ya kuku. Ukaambiwa uteme mate mdomoni mwa kifaranga, nacho kikapasuliwa mbele yetu. Akaonyesha alama nyeusi karibu na ini, akasema, "Uovu uko upande wa mama." Mjomba alipouliza mbona baba hakutema, baba akajibu, "Mwanamume hatemi mate kwa maradhi ya watoto." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Baraza la mtemi likaafiki. Mjomba akarudisha ng'ombe wa mahari, nawe ukaondoka na chungu kichwani, mchawi wa watoto wako mwenyewe. Ulikufa kabla sijapata nauli ya kukufuata.

Sasa nisikilize, Mayu, maana habari hii ni yako.

Ninafanya kazi Geita, hospitali ya mgodini, chumba cha kupimia damu. Daktari alinifundisha kufungia tone la damu chini ya kioo mpaka kesho yake, kisha kulitazama kwa hadubini. Damu ya watu wengi hubaki mviringo. Ya wengine hujikunja, ikawa kama mundu wa kukatia majani. Nilipima yangu. Ilijikunja.

Daktari akanieleza. Mtoto hupokea chembe ya urithi kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Akipata ya mundu kwa wote wawili, anaumwa kama Limi. Akipata moja tu, anaishi, tena homa ya mbu haimwui upesi kama wenzake. Nikamwuliza kitu kibaya namna hii kimebakiaje duniani. Jibu nilikuwa nalo nyumbani. Unakumbuka yule mzungu aliyeleta ng'ombe wanene wa kwao, ndigana, ile homa ya kupe, ikawamaliza wote, na wetu wembamba wakaendelea kula majani? Wetu hawakuwa na akili kuliko wale. Ni kwamba wadhaifu wa kwetu walikufa zamani bila kuacha ndama, waliobaki ndio wakazaa. Nasi ni hivyo hivyo. Mbu wameua watu huku kwetu tangu enzi za mababu, na mwenye mundu mmoja amekuwa akipona, anaoa, anazaa, anaupitisha kwa wanawe. Hakuna aliyekaa akapanga, wala aliyeloga. Kilichomuua Limi ndicho kilichonilinda mimi, na tangu nilipojua hilo chakula hakinipendezi.

Shija, mwana wa yule mke aliyeletwa baada yako, ameoa. Mtoto wao wa kwanza akavimba mikono. Nilipopata habari nilijua ni mundu ule ule, na niseme kweli, Mayu, nilifurahi kwanza. Mungu anisamehe. Shija hukumzaa wewe, basi haukutoka kwako peke yako! Baba alipokuja Geita kutibiwa jicho, nikamweleza, nikamchoma kidole. Damu yake ilijikunja. Nikampa hadubini atazame kwa lile jicho zima. Alitazama muda mrefu, akasema, "Hiyo ni mashine ya wazungu," akaomba kofia yake.

Akarudi Kahama akamwita mfumu. Nilipomfuata nikakuta watu wamekaa, na Nkwimba, mke wa Shija, katikati na kifaranga mikononi. Mtoto alikuwa mgongoni mwake. Nilisema yote niliyokuandikia hapa, nikataja damu ya baba mbele ya wazee. Wakanisikiliza kwa adabu kama asikilizwavyo mlevi. Elimu yangu yote haikumsogeza mtu hata kigoda. Baba akarudia neno lake lile lile, mwanamume hatemi mate.

Ndipo Shija akainuka. Hajasoma, hata hadubini hajaiona. Akamnyang'anya mkewe kifaranga, akakipanua mdomo, akatema mate. Kisha akamnyooshea baba. Baba hakukipokea. Mfumu akasema hicho sasa kimeharibika, hawezi kukisoma, akafunga mfuko wake akaenda. Nkwimba yuko nyumbani kwake mpaka leo.

Mtoto bado anaumwa. Dawa hatuna, sikufichi. Nkwimba anamkanda kwa chumvi ya moto, mimi ndiye niliyemfundisha, kama nilivyokuona wewe.

Mtu mmoja tu, Mayu. Angeinuka mtu mmoja tu siku ile akatema nawe. Baba yu hai, anasinzia juani, anasalimiwa na kila apitaye, na mimi bado namwamkia shikamoo kwa kuwa ndivyo ulivyonilea. Kumpenda siwezi.

Magugu nimeng'oa, na mjomba ameahidi kuwahamisha wenye dagaa. Pale nyumbani walikuwa wamelizika jina lako, wanakuita "yule wa Nkome." Mimi nitakuita Mama Limi mbele ya baba kila niendapo, apende asipende. Na siku nikioa, mtoto wangu akivimba mikono, kifaranga nitakishika mimi kwanza.

Lala, Mama Limi. Mfupa umelala.

Mwanao,
Mabula