Nyaya Chini ya Kiti

Mama Naliaka mpenzi,

Nakusalimu kutoka Kakuma, jua likiwa na hasira kunishinda. Ile pikapu kuukuu niliyonunua Lodwar, kila ikilala inaamka imekufa. Jioni betri inasoma volti kumi na mbili na nusu, asubuhi nane. Nimebadilisha fyuzi, nimepima altaneta, sioni kitu. Na mtaji wetu wote ni nyanya zilizo nyuma, zinaoza.

Leo mama mmoja Mturkana amekuja na simu mkononi. "Ejok!" amenisalimu kwa Kiturkana. "Hii si gari ya kuchaji?" Kabla sijajibu, amepenyeza mkono chini ya kiti akavuta waya. "Mwenye gari wa kwanza alikuwa anachaji simu yetu yote hapa. Wewe umenunua na hujui?"

Nimeng'oa kiti. Nyaya kumi na nne zimeungwa moja kwa moja kwenye betri, zimechubuka, zinavuja umeme usiku kucha. Nimezikata, watu wakasukuma, ikawaka. Lakini nyanya zimeshakuwa maji. Yule mama ameziomba awape mbuzi wake, nami nimezimwaga hapo barabarani. Mbuzi wamekula wakashiba, nusu wakaiacha.

Usiwaambie watoto kwanza. Nakukumbuka sana, na uji wako.

Baba Naliaka