Nimekoroma Mbele ya Serikali

Shoga, leo nimeumbuka, sina pa kuuficha uso.

Si yule bwana wa serikali alikuja ukumbini kutusikiliza, aamue kama mtaa wetu utapewa fedha za madirisha mazito ya shule, ya kuzuia kelele za uwanja wa ndege? Nikasimama: "Mwanangu, ndege hizi hazitupi usingizi!" Nikapigiwa makofi.

Nikakaa, nikasinzia. Nikasinzia, shoga! Ndege ikapita juu ya paa, mie nakoroma!

Mkwe wangu kanifinya, naamka, bwana anatabasamu: "Bibi, mbona umelala vizuri tu?" Ukumbi mzima kicheko.

Kumbe jana usiku kucha sikupata lepe la usingizi kwa ndege hizohizo, lakini badala ya kumwambia nikajifunika khanga usoni.

Kesho wanakuja kupima kelele. Mwenyekiti wa mtaa kaniomba nibaki ndani.