Kamba ya Mama Ku Kipaji Changu

Mujukuu wangu Neema,

Umenizidi umri miaka mbili, tena uko na diplome, lakini mimi njo mudogo wa mwisho wa babu yako, basi heshimu babu. Hapa Buleusa tuko wazima. Mbuzi imezaa mapacha, na mimi ninazidi kuwa muzuri.

Unaniuliza kama usaini ile kontra ya kazi ya Goma, wakati mwenzako mwanaume analipwa zaidi kwa kazi ileile.

Mwezi uliopita lori ilikwama mu matope, tukabeba magunia ya muchele. Wanaume wanabeba ku bega, wanawake ku mugongo, gunia ikishikwa na kamba ku kipaji cha uso. Miye mwenye nguvu, bega iliuma ku gunia ya pili, nikaazima kamba ingine ya mama yangu, naye akabeba na yake. Jioni kapita, musimamizi wa kazi, akanipa franka elfu tano. Wanaume walipata kumi.

"Kapita, mimi ni mwanaume."

"Kumbe? Niliona kamba." Akacheka, akaniongezea tano, bila kuuliza nilibeba ngapi.

Mama alisimama pembeni na elfu tano yake. Alikuwa amebeba magunia kumi na mbili, mimi nane.

"Mama, ulijua?"

"Tangu sijakuzaa. Lete kamba yangu."

Kesho yake nikasuka kamba yangu mwenyewe. Vijana wane walinicheka, kisha wakasuka zao. Sasa kila lori ikikwama, kapita hajui tena ni nani wa kulipa nusu.

Usisaini kwanza. Muonyeshe huyo mwenzako kontra yako. Kama iko mwanaume kama mimi, atasuka kamba yake, asimame na wewe mpaka mulipwe sawa.

Babu yako kijana,
Baraka