Jiwe Langu la Kakesio

Mama Paskali,

Hujambo, na yule jogoo wako mwenye kiburi? Mimi huku Kakesio, kwa Wamasai, nimenenepa. Chai yao ni maziwa matupu.

Njiani kuna rundo la mawe. Ni la kijana wa hapa aliyewaokoa wenzake katika vita vya Uganda, akazikwa hukohuko. Kila anayepita huongeza jiwe. Nikaweka langu, halafu, mdomo wangu unaujua, nikauliza, "Aliitwa nani?"

Wote niliokuwa nao njiani wakageuka kutazama ng'ombe. Mwenyeji wangu akaninong'oneza kwamba kwa Wamasai aliyekufa hatajwi jina. Nikazidi kuchokoza: "Sasa wajukuu watamkumbukaje?"

Mama wa marehemu, bibi wa rika langu aliyekuwa kati yetu, akacheka. "Mzee, wewe Mwiraqw hukumzaa wala hukumwona, lakini leo umembebea jiwe, na sasa unamuulizia kama ndugu yako. Wajukuu zangu watashindwa na wewe?"

Nikamwongezea mwanawe jiwe la pili.

Ila mimi nikitangulia, usinifanyie hivyo. Nitaje kila siku, hata kwa kunigombeza. Mawe usiniwekee; mgongo huu hauyawezi.

Nakuletea samli. Kaa salama, mpenzi.

Mumeo, ambaye jina lake unalijua.